Tazama Mwezi Kwanza: Mwongozo kwa Kamati ya Kujitolea ya Kuhifadhi Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Kikao cha kwanza cha kamati yetu kiliitishwa Jumanne saa tatu asubuhi, siku za giza. Walikuja watu sita: mwenyekiti wa kitongoji, mwalimu mmoja, akina mama wawili wa mwaloni (pale vyombo vya uvuvi vinapotia nanga), na vijana wawili waliosikia kutakuwa na soda. Wavuvi, ambao ndio hasa tuliotaka kuongea nao, walikuwa wamelala. Walikesha ziwani na taa zao, wakarudi alfajiri, wakauza dagaa, wakala, wakajilaza. Mimi katibu nikaandika kwenye muhtasari kwamba "wavuvi hawana mwamko". Mzee mmoja mwenye mitumbwi alipousoma muhtasari huo kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, alinifuata hadi nyumbani. Sikuwahi hata kumaliza kumwamkia.

"Mwanangu," akasema, "asiye na mwamko ni wewe. Hukutazama juu."

Dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga. Mbalamwezi inapowaka, taa ya mvuvi haina nguvu mbele yake, kwa hiyo vyombo hupaki, nyavu hushonwa, na wanaume huonekana kijijini mchana. Mwezi unapokuwa giza, hakuna mtu. Kila mtoto wa mwaloni anajua hilo. Sisi tuliosomea bara tulilijua pia, ila hatukufikiri kwamba linahusu ratiba ya vikao.

Haya ninayoandika ni kwa ajili ya watu wa vijiji vya mwambao wa Kigoma, kuanzia Kagunga mpakani mwa Burundi mpaka Kalya kule kusini, wanaotaka kuanzisha au kufufua kamati ya kujitolea ya kuhifadhi ufukwe, mazalia ya samaki na milima iliyo juu yake. Walio ndani ya Manispaa ya Kigoma Ujiji watatumia mengi, ila wakumbuke kwamba mtaa hauna mamlaka ya kutunga sheria ndogo kama kijiji. Kwao hatua ya vibali itapitia manispaa moja kwa moja.

Hatua ya kwanza: jueni mlango mnaoingilia

Kuna milango mitatu, na kila mmoja una ufunguo wake.

Wa kwanza ni BMU, yaani kikundi cha ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi. Hiki kinasimama juu ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009. Nguvu yake iko majini na mwaloni: kuandikisha vyombo, kusimamia usafi wa mwalo, kusaidiana na Afisa Uvuvi kwenye doria. Mlimani hakina sauti.

Wa pili ni kamati ya mazingira ya kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitambua, nayo iko chini ya Halmashauri ya Kijiji. Hii inaweza kuongelea mashamba, makorongo, vyoo na taka. Majini huonekana mgeni.

Wa tatu ni kikundi cha kijamii kinachosajiliwa kupitia Ofisi ya Maendeleo ya Jamii kwenye halmashauri ya wilaya. Kinaweza kufungua akaunti, kuomba mkopo au ruzuku na kuuza miche, lakini hakiwezi kumwambia mtu yeyote aache kulima.

Kosa la wengi ni kuanzisha chombo cha nne, kukipa jina refu na mhuri, kisha kugombana na hivyo vitatu. Mimi nashauri hivi: kamati yenu ya kujitolea iwe meza tu, ambapo BMU, kamati ya mazingira na kikundi vinakaa pamoja. Uamuzi wa majini utekelezwe kwa jina la BMU, wa nchi kavu kwa jina la kamati ya mazingira, na pesa zipite kwenye kikundi. Meza hiyo itambuliwe na Mkutano Mkuu wa Kijiji na iandikwe kwenye muhtasari. Bila mstari huo, afisa mtendaji akihamishwa mnaanza upya kujitambulisha.

Hatua ya pili: nani akae

Kumi na moja wanatosha. Kumi na tatu ni wengi lakini wanavumilika. Zaidi ya hapo mtakuwa mkutano wa hadhara.

Watu wengi hujaza wamiliki wa vyombo, kwa sababu ndio wanaosikika. Waweke, lakini wawili tu. Waweke na wavuvi wenyewe wanaoingia ziwani, maana tajiri wa chombo anaweza kukubali kikaoni kuacha kokoro, ule wavu wa kukokotwa hadi ufukweni, huku vijana wake wanalivuta usiku, na wote wawili wanasema kweli. Waweke wanawake wanaoanika dagaa na wanaobanika migebuka, tena wapewe vyeo vyenye kalamu: mhazini, katibu msaidizi. Kumweka mama kwenye kamati kisha kumtuma chai ni kumfukuza kwa adabu.

Na waweke wakulima wa mlimani. Hili lilituchukua miaka miwili kulielewa. Kwenye mwambao wetu wa kaskazini ya Kibirizi, milima inashuka karibu wima hadi majini. Anayelima muhogo kule juu bila makinga maji ndiye anayeamua rangi ya maji huku chini siku ya mvua, hata kama hajawahi kupanda mtumbwi maishani mwake. Akiwa nje ya kamati mtakuwa mnamsema. Akiwa ndani atawaambia kwa nini analima pale: shamba la bondeni limemezwa na maji, au ameliuza, au amegawana na kaka zake wanne.

Hatua ya tatu: kalenda

Chukueni kalenda yoyote ya ukutani na kalamu nyekundu. Zungushieni siku za mbalamwezi za mwaka mzima, takriban juma moja kila mwezi. Vikao vyote vya kamati na kazi zote zinazohitaji nguvu ya wanaume viingie humo. Toeni Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi, toeni siku ya mnada. Zinazobaki ni chache, nazo ndizo mwaka wenu wa kazi. Tulipofanya hivyo, mahudhurio yalibadilika kikao kilichofuata, na sikuhitaji tena kuandika habari za mwamko.

Juu ya mwezi wekeni mvua. Kigoma mvua huanza Oktoba au Novemba na kukatika Aprili au Mei. Kazi ya mawe na makorongo ni ya kiangazi, Juni hadi Septemba, ardhi ikiwa kavu na maji hayajaanza kukimbia. Viriba, yaani mifuko ya kuoteshea miche, vijazwe udongo na mbegu zisiwe zimechelewa zaidi ya Agosti. Miche iteremke shambani mvua ikishakolea, siyo ile ya kwanza inayodanganya.

Halafu kuna kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi zilisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazochangia ziwa hili: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Kamati nyingi huona miezi kama hiyo kuwa neema, kwa kuwa watu wako nyumbani. Kuweni waangalifu. Mtu ambaye hajaingiza shilingi kwa wiki sita hafurahii kuitwa kubeba mawe bure kwa ajili ya vizazi vijavyo. Mkiwaita kipindi hicho, pikeni. Sufuria ya ugali na maharage imefanya kazi kubwa kuliko hotuba zangu zote.

Hatua ya nne: tembeeni mwambao kwa miguu

Msipange chochote kabla ya kutembea. Nendeni watu watano au sita, pamoja na mzee mmoja na bibi mmoja wanaokumbuka, mkianza asubuhi kwenye mpaka mmoja wa kijiji hadi mwingine. Chukueni daftari, kamba ya mita 60 yenye mafundo kila baada ya mita 10, na simu ya kupiga picha.

Andikeni mnachokiona: korongo linaloteremka kutoka mlimani na mahali linapomwaga tope, sehemu inayochimbwa mchanga, matete na mafunjo yaliyobaki na yaliyokatwa, vyoo vilivyo karibu na maji, mahali akina mama wanapofulia, miamba iliyo chini ya maji na fukwe za mchanga, mdomo wa kijito. Ulizeni wavuvi wa ndoano, hasa wazee na watoto, samaki wanatagia wapi. Watoto wanajua zaidi ya mnavyodhani, maana hao ndio wanaovua kando kando.

Jioni choreni ramani mchangani kwa fimbo. Kila mtu aruhusiwe kufuta na kuchora upya. Ikishakubalika, mwenye mwandiko mzuri aihamishie kwenye karatasi ya manila, ibandikwe ofisini.

Sasa ile kamba. Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa ziwa au mto. Kila mtu anaijua namba hiyo. Swali ni: mita 60 kutoka wapi? Hapa ndipo nilipopoteza miche.

Tulipima kutoka kwenye maji yalipokuwa siku ile. Tukapanda mikuyu na miti mingine ya asili kwa mstari ulionyooka kabisa, tukapiga picha. Kisha ziwa likapanda. Wote wa Kigoma wanaikumbuka miaka ile ya kuanzia 2020, nyumba za Kibirizi na Katonga zikiingiwa na maji. Mstari wetu wote ulikufa umesimama, miguu majini. Bibi mmoja ndiye aliyetuambia kwamba hata baada ya mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji yalifika pale pale, na kwamba mawe fulani yaliyokuwa nyuma ya msikiti ndiyo yaliyokuwa ukingo. Hatukuwa tumemwuliza.

Ziwa hili hupanda na kushuka, na si kidogo. Njia yake ya kutokea ni moja, mto Lukuga upande wa Kongo. Katika karne ya 19 njia hiyo ilikuwa imeziba, maji yakajaa. Ilipofunguka mwishoni mwa miaka ya 1870, ziwa likashuka mita kadhaa kwa miaka michache. Nendeni Ujiji, kwenye jumba la kumbukumbu pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, mtafute maji: ufukwe umehama, na ni mwendo kuufikia. Kwa hiyo pimeni kutoka alama ya juu kabisa ambayo wazee wanaikumbuka. Itawapunguzia eneo la kulima na italeta ugomvi, lakini ni ugomvi wa mara moja. Mkipima kutoka maji ya leo mtagombana na ziwa lenyewe kila baada ya miaka michache.

Hatua ya tano: chagueni kazi moja

Moja, siyo tano. Kamati ya watu kumi na moja wasiolipwa ina uwezo wa kumaliza kazi moja ya maana kwa mwaka, na kusimamia ndogo mbili. Nitataja zile ninazozifahamu, na nitasema maoni yangu bila kuzunguka.

Kuziba makorongo ndiyo kazi ninayoiweka mbele. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na mtu akisikia hivyo hudhani samaki wamo mpaka chini. Hawamo. Hewa ya oksijeni inaishia kwenye mita 100 hadi 200 za juu. Huko chini kote ni maji yasiyo na samaki. Uhai umebanwa kwenye tabaka la juu na kwenye kingo, hasa penye miamba, ambako wanaishi samaki wadogo wa rangi rangi wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Baadhi yao hula mwani unaoota juu ya mawe, na wengine hutagia katika nyufa zake. Tope la korongo moja likimwagika msimu mzima, linafunika mawe hayo kama blanketi. Zungumzeni hivyo kwenye mkutano, kwa sababu kuna atakayesimama na kusema ziwa halina mwisho.

Kazi yenyewe haihitaji mtaalamu kutoka mbali. Anzieni juu, msianzie chini. Ukiziba mdomo wa korongo kwanza, maji yatauvunja. Wekeni vizuizi vya mawe vya chini, visivyozidi kimo cha goti, kila baada ya hatua kadhaa kufuatana na mteremko. Katikati ya kizuizi pawe chini kuliko pembeni, ili maji yapite katikati na yasichimbe kingo. Nyuma ya mawe pandeni majani ya mabingobingo au vetiva. Mashambani juu yake, makinga maji yafuate usawa wa mlima. Fremu ya herufi A iliyotengenezwa kwa fito tatu, kamba na jiwe inatosha kuutafuta usawa huo, na Afisa Ugani ataonyesha kwa nusu saa. Mabingobingo yana faida nyingine: mwenye ng'ombe au mbuzi atayalinda kwa ajili ya malisho. Lakini apewe utaratibu wa kukata, asifyeke yote Septemba.

Kutenga mazalia ni kazi ya pili kwa umuhimu, na ya kwanza kwa ugumu. Chagueni eneo dogo, lenye miamba au mdomo wa kijito, linaloonekana kutoka kijijini. Eneo lisiloonekana halilindwi. Wekeni maboya ya madumu yaliyopakwa rangi moja. Kubalianeni kama ni mwaka mzima au msimu. Na kumbukeni wavuvi wa kijiji jirani hawakuwa kwenye mkutano wenu: nendeni kwao kabla hamjatupa hata dumu moja majini.

Kupanda miti kunapendwa sana, na kunashindwa sana. Mti wa kuni usio na mwenyewe husahaulika. Sisi tumejifunza kuweka mstari wa michikichi nje ya zile mita 60, kama mpaka, kwa sababu mchikichi una pesa ya mawese na mtu ataupalilia bila kuambiwa. Mbegu bora hupatikana kupitia TARI Kihinga hapa hapa Kigoma. Ndani ya mita 60 acheni matete na mafunjo yarudi yenyewe; mara nyingi kinachohitajika ni kuacha kukata tu. Mikaratusi msiisogeze karibu na chemchemi.

Chanja za kuanikia dagaa na majiko sanifu ya kubanikia migebuka huonekana kama biashara, si uhifadhi. Mimi nayahesabu ni uhifadhi. Dagaa anayeoza mchangani siku ya mvua ni dagaa aliyevuliwa bure, na kila gogo lisiloingia chini ya jiko la kubanikia limebaki mlimani.

Usafi wa ufukwe fanyeni, kila mwezi, saa mbili. Lakini msiuite mradi.

Hatua ya sita: karatasi

Halmashauri ya Kijiji inaandaa, Mkutano Mkuu unajadili na kutoa maoni, kisha kama ni sheria ndogo, inapelekwa Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Kabla ya idhini hiyo mtu anaweza kukataa kulipa faini yenu na akawa na haki. Mkutano Mkuu hukaa kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo mkiukosa mmoja mmepoteza robo ya mwaka. Utani wa kata yetu ni kwamba uhifadhi unaanza na kumkumbusha mtendaji kubandika tangazo.

Andikeni uamuzi kwa maneno ambayo hata mgeni ataweza kuyasimamia. Hapa chini ni mfano wa namna tunavyoandika. Jazeni penye nukta.

"Ajenda Na. … Kutenga eneo la mazalia. Mkutano umekubali kwamba eneo la maji kuanzia jiwe la … hadi mdomo wa kijito cha …, mita … kutoka ufukweni, lisivuliwe kwa zana yoyote kuanzia tarehe … hadi tarehe … BMU itasimamia. Atakayekiuka ataitwa kwanza mbele ya Halmashauri ya Kijiji. Waliokubali …, waliokataa …, wasioamua … Hoja za waliokataa: …"

Hicho kipengele cha mwisho msikiache. Waliokataa wakiona hoja yao imeandikwa, hawatoki nje kusema hawakusikilizwa. Mara nyingine, baada ya mwaka, hoja yao hugeuka kuwa ndiyo ya kweli.

Barua moja iandikwe kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, na nakala kwa Afisa Uvuvi, Afisa Mazingira, Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika iliyopo Kigoma, na Wakala wa Huduma za Misitu kama mtagusa msitu. Pelekeni kwa mkono. Sainishieni kila nakala kwenye daftari la kupeleka barua. Afisa Uvuvi mwulizeni pia kuhusu ukubwa wa matundu ya nyavu na zana zinazokatazwa. Msikariri kutoka kwa mtu, kwani kanuni hurekebishwa. Kokoro linajulikana kuwa ni haramu, na hakuna asiyejua.

Hatua ya saba: pesa na posho

Hapa kamati hufa. Nimeona tatu.

Moja ilikufa kwa posho. Wafadhili fulani walikuja na semina, wakalipa posho ya kikao. Walipoondoka, kikao kilichofuata wajumbe walikaa, wakatazamana, wakauliza bahasha iko wapi. Hakuna aliyekuwa mwovu. Walikuwa wamefundishwa kwamba kikao ni kazi yenye malipo, na somo hilo halifutiki kirahisi. Tangu hapo kanuni yetu ni moja na imeandikwa: kikao hakina posho, kazi ya kutwa ina chakula, na anayesafiri kwenda mjini kwa ajili ya kamati anarudishiwa nauli kwa risiti. Mgeni akitaka kulipa posho, aombwe pesa hiyo ainunulie viriba au mafuta ya boti. Wengine hukataa kwa sababu fungu lao haliruhusu. Sawa, waende salama.

Tenganisheni kwenye bajeti vitu mlivyo navyo na vitu vya kununua. Mawe, fito, samadi, nguvu na mitumbwi mnavyo. Viandikeni pia, kwa thamani, ili mtu wa nje ajue mmeshaweka nini mezani. Vya kununua kwa kawaida ni viriba, mbegu, rangi, kamba, mafuta na chakula. Mkikuta orodha ya kununua ina kofia na fulana juu ya mafuta, anzeni upya.

Watia saini wawe watatu, wasiwe ndugu, na mmoja awe mwanamke. Kila mwisho wa mwezi mhazini aandike kwenye karatasi moja kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, aibandike pale pale kwenye ubao wa ofisi. Faini zisiguswe na mjumbe yeyote mkononi. Zilipwe serikali ya kijiji kwa stakabadhi. Siku mjumbe wa doria akionekana na wavu aliomnyang'anya mtu umeanikwa uani kwake, kamati imekwisha, hata kama alikuwa anautunza kwa nia njema.

Hatua ya nane: doria

Fupi, kwa sababu siyo kazi ya kujitolea kuifanya peke yenu. Mtu wa kujitolea huona, huandika, hupiga simu. Hakamati. Doria ya majini ifanyike pamoja na Afisa Uvuvi na vyombo vya dola, kila mtu akiwa na jaketi la kuokolea, mafuta ya kwenda na kurudi, na mtu nchi kavu anayejua mmetoka saa ngapi. Kuna majambazi wa kuvizia mashine na nyavu ziwani, na mpaka wa Kongo katikati ya maji haujachorwa mstari. Msifukuze mtumbwi usiku.

Hatua ya tisa: mtajuaje kama imefanya kazi?

Mnahitaji vitu vitatu, na vyote ni vya bei ya chini.

Chupa ya soda inayoonyesha ndani. Siku ya mvua kubwa, kijana mmoja akinge maji mdomoni mwa korongo, aandike tarehe, aiweke dirishani pa shule mpaka kesho yake. Tope litakuwa limetua. Pimeni kimo chake kwa rula. Fanyeni hivyo mvua tatu za mwanzo wa msimu, kabla na baada ya kuweka vizuizi. Wanafunzi wanaipenda kazi hii kuliko kupanda miti, na mzazi akiona chupa tatu zimepangwa anaelewa bila hotuba.

Picha. Simameni juu ya jiwe lile lile, muelekee upande ule ule, kila Januari na kila Julai.

Miche hesabuni baada ya kiangazi cha kwanza, si siku ya kupanda. Idadi ya siku ya kupanda ni ya kupigia picha tu.

Na kama mmetenga mazalia, wavuvi wawili wa ndoano wawe na daftari: siku, saa walizokaa, samaki waliopata. Msitarajie mabadiliko ndani ya mwaka mmoja, na msiahidi.

Wageni wakija

Watakuja, hasa kazi ikishaonekana. Kigoma tuna bahati ya kuwa na mifano ya kujifunzia. Katika vijiji vinavyoizunguka Hifadhi ya Gombe, ambako Jane Goodall alifika mwaka 1960 kuchunguza sokwe, taasisi yake ilianzisha mwaka 1994 mpango wa TACARE. Walianza kwa kuwauliza watu wanataka nini, na watu wakajibu mambo ya chakula, afya, maji na shule kabla ya miti. Misitu ya hifadhi ya vijiji ilikuja baadaye, baada ya kuaminiana. Kusini, upande wa Mahale, mradi wa Tuungane ulifunga pamoja uvuvi, misitu na afya ya uzazi. Nendeni mkawaulize wenzenu wa huko, hasa wale ambao hawakupendezwa.

Mgeni akileta wazo, mpokeeni, mpeni kiti na sahani ya migebuka, kisha mwulizeni maswali mawili mbele ya muhtasari: nani atatunza kitu hiki mkishaondoka, na je, mnaweza kusogeza siku ya kuja ili iangukie mbalamwezi? Swali la pili huwachekesha. Likimchekesha halafu akachukua kalenda yake na kuitazama, huyo mwekeni ajenda ya kwanza kikao kijacho.

Kikao kisifungwe kabla katibu hajaitaja tarehe ya kinachofuata kwa sauti, mara mbili, na kabla mvuvi mmoja hajaithibitisha kwa kuhesabu siku za mwezi kwa vidole.